Maji Yasiyo na Njia ya Bahari

Mvua inyeshapo juu ya mgongo wa milima ya Nyandarua, maji hugawana njia. Yanayoangukia mashariki huingia katika vijito vinavyolisha Mto Tana, hupitia mabwawa ya umeme ya Masinga na Kiambere, hukata nchi kavu ya Garissa na kumwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Yanayoangukia magharibi yana safari fupi. Huteremka Kinangop, huingia Mto Malewa, na hukomea katika Ziwa Naivasha. Hakuna mto unaotoka Naivasha. Safari imekwisha hapo, ndani ya bonde, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Upande wa mashariki umesimama ukuta wa Nyandarua, ambao ukielekea kaskazini hupokewa na ngome ya Laikipia. Magharibi kuna msitu wa Mau, kisha milima ya Tugen. Katikati, sakafu ya bonde huteremka kwa ngazi kadiri unavyoelekea kaskazini: Naivasha liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, Elementaita na Nakuru kwenye mita 1,750 na kidogo, halafu bonde linaporomoka ghafla hadi Bogoria na Baringo, ambayo yako chini kidogo ya mita 1,000. Msafiri anayetoka Nakuru kwenda Marigat, huko chini karibu na Baringo, anaiona tofauti hiyo kwa ngozi yake. Sweta aliyoivaa asubuhi huivua kabla ya saa sita.

Maji yakiingia bondeni na kukosa mlango wa kutokea, hubaki jua pekee la kuyaondoa. Jua huchukua maji na kuacha chumvi, na kwa maelfu ya miaka chumvi hiyo imeyafanya Elementaita, Nakuru na Bogoria kuwa maziwa ya magadi. Lakini Naivasha na Baringo maji yake yananyweka, ingawa nayo hayana mto unaotoka. Jambo hili liliwatatiza wasafiri wa kale, na jibu lake liko chini ya ardhi: miamba ya volkano imepasuka pasuka, na maziwa haya mawili huvuja kimyakimya kupitia nyufa hizo, yakichukua chumvi zake. Sehemu ya maji ya Naivasha hupenya kuelekea kusini, upande wa Olkaria, ambako mvuke wa ardhini huzalisha umeme.

Zamani mlango ulikuwapo. Takriban miaka 10,000 iliyopita, Afrika Mashariki ilipokuwa na mvua nyingi kuliko leo, Nakuru na Elementaita yalikuwa ziwa moja kubwa lenye kina kirefu. Naivasha lilijaa hadi likafurika kusini, na maji yake ndiyo yaliyochonga korongo la Njorowa, lile ambalo watalii hulipia kulitembelea katika Hifadhi ya Hell's Gate. Karibu na Elementaita kuna pango la Gamble, ambalo Louis Leakey alilichimba katika miaka ya 1920 akakuta mabaki ya watu walioishi kando ya ziwa hilo kubwa. Leo ukisimama pangoni, ziwa unaliona mbali sana huko chini.

Nimelitaja pango hilo kwa sababu linafaa kukumbukwa kila tunaposikia kwamba maziwa ya Bonde la Ufa “yamevamia” makazi ya watu. Tangu karibu mwaka 2010 maziwa haya yamekuwa yakipanda, na ripoti ya pamoja ya Serikali ya Kenya na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP), iliyotolewa 2021, iliweka takwimu mezani. Katika mwongo mmoja Baringo lilipanuka kutoka takriban kilomita za mraba 130 hadi karibu 195. Nakuru lilitoka kwenye 40 na ushei likakaribia 70. Naivasha lilitoka takriban 150 likafika karibu 200. Bogoria, ambalo limebanwa na kuta za mawe, liliongezeka kutoka 32 hadi 44 hivi. Ukijumlisha pia waathiriwa wa kandokando ya Turkana na Victoria, watu karibu 380,000 walihitaji msaada.

Mbona maziwa haya yanakua upesi namna hii? Mwaga kikombe cha chai katika sahani ya chini. Kiasi ni kile kile, lakini katika kikombe kilikuwa na kina, na katika sahani kimetambaa hadi ukingoni. Baringo ni sahani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kina chake cha wastani kilikuwa chini ya mita 3, na wapo waliokuwa wakitabiri kwamba litakauka. Ziwa la namna hiyo halina pa kuficha mvua ya ziada. Na mvua yenyewe, ikizidi kidogo tu milimani, huongeza maji ya mito kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa sababu ardhi ikishashiba kila tone linalofuata hutiririka.

Kuhusu chanzo, watu wa bondeni wana nadharia nyingi, na wanasayansi nao hawajaafikiana juu ya uzito wa kila sababu. Mvua zimeongezeka katika nyanda za juu tangu 2010, na hilo wengi wao wanalitanguliza. Misitu ya Mau imekatwa, kwa hiyo mvua iliyokuwa ikinywewa na udongo sasa hushuka na tope lake, na tope hilo huinua sakafu ya ziwa. Wako pia wanaosema mitikisiko ya ardhi imeziba zile nyufa za kuvujia. Mimi si mtaalamu wa miamba. Naona tu kwamba Turkana, Victoria na maziwa ya bondeni yalipanda karibu wakati mmoja, na ufa mmoja ulioziba Baringo hauwezi kulipandisha Victoria. Mvua inaweza.

Wazee, nao, hawakushangaa sana. Mwaka 1961 hadi 1962, Kenya ikikaribia kujitawala, ilinyesha mvua ambayo hadi leo inaitwa mvua ya uhuru, na maziwa yalipanda. Ziwa Naivasha lilikuwa juu mwanzoni mwa karne ya 20, likashuka sana kufikia miaka ya 1940 na 1950, likapanda tena, likashuka tena. Mwaka 2009 lilikuwa limepungua hata magazeti yakaandika kwamba lafa, lawama zikaelekezwa kwa mashamba ya maua yanayovuta maji yake, na mwaka 2011 serikali ikaanzisha mpango wa Imarisha Naivasha ili kuliokoa. Miaka 9 baadaye, mwaka 2020, ziwa hilo hilo lililokuwa likifa lilikuwa ndani ya nyumba za mtaa wa Kihoto.

Naivasha ndiko mahali ambapo watu waliwahi kulijibu swali la mpaka wa ziwa, na jibu lao linastahili kuangaliwa kwa makini, hata kama waliolitoa hawakuwa na nia ya kumsaidia mwananchi. Wamaasai waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao hapo walikuwa wameondolewa na serikali ya kikoloni. Walowezi waliogawiwa ardhi kando ya ziwa walikuta maji yanahamahama, na kila yanaposhuka huacha udongo mweusi wenye rutuba. Wa nani udongo huo? Suluhisho lilikuwa mstari uliopimwa mwaka 1906, ziwa likiwa juu. Mstari huo haukufuata ukingo wa maji wala haukuhesabiwa kwa hatua kutoka majini. Ulifuata kimo fulani kutoka usawa wa bahari, ukalizunguka ziwa lote. Juu ya mstari ni mali ya mtu. Chini yake ni mali ya serikali, lakini mwenye shamba la jirani anaruhusiwa kulisha mifugo au kulima mazao ya muda pale maji yanapokuwa yamerudi nyuma, kwa sharti kwamba asijenge. Wenye mashamba wakaunda chama chao na kwa miaka mingi wakajisimamia.

Walowezi hao walikuwa wakilinda malisho yao, si kitu kingine. Lakini walijua jambo moja ambalo wapimaji wa baadaye walilisahau au walilifumbia macho: ziwa la namna hii huwekewa mpaka kwa kimo chake likiwa limejaa, si kwa mahali lilipo siku ya kupimwa. Mashamba ya maua yalipofika na kuvuta maelfu ya vibarua kutoka Magharibi, Nyanza na kwingineko, vibarua hao walihitaji vyumba vya kupanga, na mji ukajazana hadi kwenye bonde tambarare ambalo ziwa lilikuwa limeliacha kwa muda tu. Waliouza viwanja hawakuishi humo.

Ziwa lenyewe, tukiwa bado Naivasha, ni kama gulio la viumbe wa kuletwa. Samaki wa bass waliletwa kutoka Marekani katika miaka ya 1920 kwa ajili ya wavuvi wa starehe. Kamba wekundu wa Louisiana wakaja 1970 na kuyatafuna majani ya majini, gugumaji likaingia mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha vikapu vya wavuvi vikajaa samaki wa kapi. Mafunjo yaliyokuwa yakichuja tope mdomoni mwa Malewa yamepungua sana. Kuna watu wanaolitaja Naivasha kama ziwa la asili. Sijui wanamaanisha asili ya mwaka gani.

Ziwa Elementaita tulipite. Ni dogo, la kupendeza, na hifadhi zake zimelilinda kiasi. Nakuru ndilo lenye kisa. Mwaka 1968 likawa hifadhi ya taifa, na umaarufu wake duniani ulikuwa wa aina moja ya ndege, heroe, waliokuwa wakifunika ufuko kwa rangi ya waridi. Heroe wadogo hula mwani wa rangi ya buluu-kijani unaostawi katika maji ya magadi makali. Katika miaka ya 1950 na 1960 waliletwa samaki wadogo kutoka Ziwa Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu, na nyuma ya samaki wakaja mwari. Mito inayoliingia, Njoro, Makalia na Nderit, hutoka Mau, na misitu ilipokatwa mito hiyo ikawa ya msimu. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikauka hadi upepo ukawa unapeperusha vumbi la magadi kuelekea mjini.

Halafu likarudi, na zaidi ya kurudi. Lango kuu la hifadhi lilizama pamoja na majengo yake, ikabidi kufungua jingine, na miti ya migunga iliyokuwa ufukweni ikabaki imesimama majini, mikavu. Maji mengi yaliyazimua magadi, mwani ukapungua, heroe wakahama. Utafiti uliochapishwa 2024, uliotazama kwa picha za setilaiti maziwa 22 ya magadi ya Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 20, uliona chakula cha heroe kikipungua kadiri maziwa yanavyojaa. Wale ndege hutaga hasa katika Ziwa Natron, upande wa Tanzania, kwa hiyo kinachotokea Nakuru hakiishii Kenya. Mjini Nakuru penyewe kumezuka biashara mpya: samaki wanaoweza kuishi katika maji yaliyopungua chumvi, wanaovuliwa kwa kujificha na kuuzwa sokoni, huku wakuu wakionya kwamba ziwa hilo hupokea maji taka ya jiji.

Ukishuka kaskazini unafika Bogoria, refu na jembamba, na chemchemi zake za maji moto ambazo nyingi sasa zinatokota chini ya ziwa. Waendorois, ambao ndio wenyeji, wanasimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji kilichozamishwa usiku mmoja kwa sababu ya maovu ya watu wake, na wao ni kizazi cha walionusurika. Katika miaka ya 1970 serikali iliigeuza ardhi hiyo kuwa hifadhi ya wanyama na kuwaondoa. Walifungua shauri, na mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa: Kenya ilikuwa imekiuka haki zao, na inapaswa kuwarudishia ardhi na kuwalipa fidia. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua. Kumbe wakati wanasheria wakibishana ni nani mwenye ufuko, ufuko wenyewe ulikuwa safarini, na lango la hifadhi la Loboi likaenda na maji.

Kati ya Bogoria na Baringo kuna kilomita kama 20 tu za uwanda. Bogoria likijaa kupita kiasi, litamwagikia huko kaskazini, magadi yake yaingie katika ziwa ambalo watu hulinywa na kulivua. Ndiyo hofu inayozungumzwa sana Marigat.

Baringo halikuwa pembezoni mwa dunia kama ramani za leo zinavyolionyesha. Katika karne ya 19 Wailchamus, waliojulikana kwa wasafiri kama Wanjemps, walichepusha maji ya mito kwa vizuizi vya miti na matawi wakamwagilia mashamba ya mtama na wimbi, na nafaka hiyo ililisha misafara ya pembe kutoka Pangani na Mombasa. Jumbe Kimameta, mfanyabiashara maarufu wa Pangani, aliijua njia hiyo vizuri hata Joseph Thomson mwaka 1883 na Count Teleki miaka michache baadaye wakategemea ujuzi wake. Kiswahili kilifika Baringo pamoja na vibaba vya mtama. Mwanajiolojia J. W. Gregory alipofika 1893 ndipo aliposoma kuta mbili za bonde akaelewa kwamba sakafu katikati yake imedidimia, na kitabu chake cha 1896 kikaipa dunia jina la Bonde Kuu la Ufa.

Mifereji ya Wailchamus ilikufa mwanzoni mwa karne ya 20 mto ulipobadili mkondo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikaanzisha skimu ya Perkerra karibu pale pale, ikitumia nguvu za wafungwa wa vita vya Mau Mau kuchimba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaletwa mti wa mathenge ili kuzuia jangwa. Mathenge ulizuia kila kitu: njia, malisho, hata mito. Maganda yake matamu yaliwaharibu mbuzi meno, na Wailchamus walipoishtaki serikali katika miaka ya 2000 walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Ninakitaja kisa hicho ili msomaji ajue kwamba watu wa ufuko huu wamezoea kupokea mambo yaliyoamuliwa mbali nao. Mvua ya Mau, tope la Mto Molo, mti wa kigeni, vyote huwashukia.

Maji yalipopanda, upande wa kusini wa ziwa ndio uliopigwa zaidi. Huko ardhi ni tambarare mno. Shule, zahanati, malisho na mashamba vilizama. Hoteli za Kampi ya Samaki nazo zilimezwa. Viboko wakaja kula nyasi nyuani, na mamba, ambao wenyeji walikuwa wakiogelea nao bila wasiwasi mkubwa, wakaanza kuua. Twiga walipata bahati yao: katika hifadhi ya Ruko, iliyoundwa na Wapokot na Wailchamus baada ya miaka ya kuporana mifugo, rasi ya Longicharo iligeuka kisiwa na kuwanasa. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 wote 9 walivushwa kwa chelezo cha chuma, kamera za dunia nzima zikitazama. Askari wa hifadhi waliowavusha walitoka katika jamii zilizokuwa zikihamisha nyumba zao wenyewe kwa mikono.

Sasa turudi kwenye mstari wa mpimaji. Kanuni za Kenya kuhusu kingo za maji hutaja mita 6 hadi 30 za kuachwa wazi. Kwa mto wenye kingo za mawe kule Kinangop, mita 30 ni ulinzi wa maana. Kusini mwa Baringo, ziwa likipanda mita moja tu linaweza kusonga mbele mamia ya mita, na limepanda zaidi ya mita moja mara kadhaa. Mwananchi anaweza kutii sheria kikamilifu, akajenga mita 40 kutoka majini, na baada ya miaka 3 akapitisha mtumbwi juu ya paa lake. Kumwita mtu huyo mvamizi ni kumdhulumu mara mbili.

Wafugaji wa zamani hawakuwa na tatizo hilo. Maji yakipanda walipanda. Yakishuka walifuata nyasi mbichi zilizoachwa. Hawakuwa na nyumba ya mawe wala mkopo wa benki juu ya ufuko.

Tangu 2016 kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii, inayoziruhusu jamii kusajili ardhi yao ya pamoja na kupewa hati. Ili kusajili, lazima wapimaji waje, na kwa jamii za kusini mwa Baringo hapo ndipo kuna fundo. Wakipima kufuata maji ya leo, malisho yaliyozama yataandikwa kuwa ziwa, na siku Baringo litakaporudi nyuma, kama lilivyowahi kurudi, atatokea mtu mwenye karatasi na kudai udongo ule mpya si wa yeyote. Wakipima kufuata ufuko wa 2010, hati itakuwa na shule zilizo chini ya maji. Njia ya tatu ni ile ya Naivasha: kuchora mstari wa kimo cha juu, nyumba zikae juu yake, na chini yake jamii, si mtu binafsi wala kampuni, iwe na haki ya malisho, kilimo cha msimu na uvuvi kwa kadiri maji yanavyoruhusu. Walowezi walipewa mpango wa aina hiyo enzi za ukoloni, kwa ajili ya ng'ombe wao. Wailchamus wana ng'ombe pia.